Kengele ya Sajini

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro hadi katikati ya mahindi yetu, na manyunyu yalikuwa yakidondoka tangu alfajiri, yale manyunyu membamba ya mwezi wa sita ambayo hayakulowanishi mara moja, ila ukikaa nayo yanafika mfupani.

Nilikuwa bado nimepiga magoti kando ya kitanda Clemensi alipobisha.

"Hodi, shemeji! Hodi humu ndani!"

"Subiri kidogo, naongea na Mungu."

"Basi muulize na habari za Sajini, maana zizini hayupo."

Nikasema amina haraka, nikafungua mlango. Clemensi ni mdogo wa marehemu mume wangu, mwanamume mrefu ambaye hajui kunong'ona. Sajini ni maksai wake, na mwenzake anaitwa Koplo. Hao wawili ndio wanaolima karibu nusu ya mashamba ya kitongoji chetu kwa plau moja. Maksai akibaki peke yake halimi. Anasubiri tu kuwa nyama.

"Nyayo umefuata?" nikamuuliza.

"Nyayo gani kwenye tope hili? Mvua imefuta kila kitu. Lakini sihitaji nyayo, shemeji. Nani alikuwa naye jana? Lekoko. Nani alirudi giza limeshaingia? Lekoko. Nani ana gambuti mpya?"

"Lekoko," nikasema, na nilipolisema lile jina nilihisi kama nimeweka sahihi mahali.

Lekoko ni mchungaji wetu. Alitoka Soitsambu, kwa Wamasai, na mke wake Nasha miaka michache iliyopita, na kitongoji kizima kinamlipa achunge ng'ombe pembezoni mwa msitu. Yeye alisema Jumapili jioni alimfikisha Sajini hadi mlangoni mwa zizi. Clemensi alikuwa harusini mjini Karatu, na mkewe alikuwa naye. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusema ndiyo wala hapana.

Clemensi hakuja kwangu kwa ajili ya kufarijiwa. Alikuja kwa sababu ya kazi yangu. Nilianza kama mfagiaji katika ofisi ya mradi wa tembo pale mjini. Mradi umefunga vinasa sauti kwenye miti pembezoni mwa msitu, ili tembo wakikaribia mashamba tupate kuonywa. Nilipoingia darasa la jioni na kujua kusoma vizuri, mwalimu Raymond, ambaye mchana ndiye mkuu wa kompyuta za mradi na jioni ndiye anayetufundisha hisabati, alisema nina masikio mazuri, akanikalisha mbele ya mashine moja. Kazi yangu ni kusikiliza vipande ambavyo kompyuta imevitilia shaka na kusema, huyu ni tembo, huyu si tembo. Namshukuru Mungu kwa kazi ile kila siku, maana nimeanza kusoma nikiwa na wajukuu.

"Mashine yenu inasikiliza msitu usiku na mchana," Clemensi akasema. "Iambie itafute kengele."

Wazo hilo halikuwa la kijinga. Baada ya Pasaka Clemensi alikwenda Buger kwa mhunzi, akafuliwa kengele mbili pacha kutoka kipande kimoja cha chuma cha lori bovu. Moja ya Sajini, moja ya Koplo. Wakati wa ukungu huwaoni ng'ombe, unawasikia. Na kila mwenye ng'ombe hapa kwetu atakuapia kwamba anaijua kengele yake kati ya mia, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Kengele ya Koplo ilikuwa ipo. Ningeirekodi, niipe mashine kama mfano, nayo ingetafuta pacha wake msituni.

Nilimpigia simu mwalimu Raymond aliyekuwa Arusha kwenye mkutano.

"Tafuta tu, mama," akasema. "Lakini usimwambie mtu neno mpaka nirudi."

Niliahidi. Namwomba Mungu anisaidie niwe mkweli katika kuandika haya: niliahidi nikiwa tayari nina jina moja kichwani.

*

Kompyuta inafanya hivi. Inachukua mfano wa sauti, kisha inaupitisha juu ya rekodi polepole, kama fundi anayepitisha kipande cha kitenge juu ya kitenge kingine kutafuta mahali maua yanapolingana. Kila mahali inatoa namba ya kufanana. Kuna mstari mwekundu kwenye kioo. Namba ikipita mstari, mashine inasema imesikia.

Jumanne asubuhi niliomba, nikaingiza mlio wa kengele ya Koplo, nikaanza na kinasa kilicho karibu na njia ya Lekoko, saa za Jumapili usiku. Mashine haikusikia kitu.

Nikafikiri: mwizi wa ng'ombe si mjinga, atakuwa ameijaza kengele majani ili isilie sana. Kengele yenye majani inatoa sauti nzito zaidi. Nikairuhusu mashine ishushe sauti ya mfano. Kimya. Nikafikiri: labda ilikuwa imelowa. Nikairuhusu ipandishe pia. Nikafikiri: labda walikuwa mbali, nikairuhusu ikubali sauti hafifu. Labda ng'ombe alikuwa anakimbizwa, kengele ikawa inalia harakaharaka; labda alikuwa anavutwa polepole. Nikairuhusu ibane na kunyoosha. Labda hawakupita usiku ule, walimficha kwanza, nikaongeza siku. Labda hawakupita njia ile. Nikaongeza vinasa vingine vyote.

Kila nilipofungua mlango mmoja nilisema, "Bwana, nionyeshe." Na mchana ule nikaonyeshwa. Jumatatu kabla ya mapambazuko, kwenye kinasa cha bondeni, namba ilipita mstari. Nikavaa visikilizio. Nyuma ya upepo na manyunyu kulikuwa na kitu: kong, kong, kimya, kong. Nilisisimka mwili mzima. Machozi yalinitoka, nikasema asante Yesu.

Clemensi alikuwa ameketi nje kwenye ngazi tangu asubuhi. Aliposikia asante ile aliingia, akaniangalia usoni.

"Nipe," akasema, akanyoosha mkono.

Nilipaswa kukataa. Nilimpa visikilizio. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akavivua na kusimama, kichwa chake kikagonga taa.

"Ni yeye! Hiyo ni kengele yangu! Bondeni! Na nani anapeleka ng'ombe kunywa bondeni?"

"Clemensi, mwalimu amesema tusi..."

Alikuwa ameshatoka. Jioni ile kabla sijafika nyumbani, watoto wa njiani walikuwa wanaimba kong, kong.

*

Inabidi nieleze kutengwa, kwa msomaji ambaye si wa kwetu. Mtu akitengwa hapigwi wala hafukuzwi. Ananyimwa moto. Hakuna jirani atakayempa kaa la kuwashia jiko wala kuchukua kaa kwake, na asiyepeana naye moto hasagi naye mahindi, hachungi ng'ombe wake, hamzikii mtoto. Siku hizi kila nyumba ina kiberiti, lakini bado hakuna aliyewahi kutengwa akamaliza mwaka hapa. Wanaondoka wenyewe. Clemensi alitaka kikao kikae Jumapili baada ya ibada, na alitaka Lekoko na nyumba yake watengwe.

Nyumba yake maana yake ni Nasha. Nasha ndiye ninayekaa naye dawati moja darasani. Ana mtihani wa taifa mwezi wa kumi na moja, na huyo binti alianza kusoma akiwa na mtoto mgongoni. Wakiondoka kurudi Soitsambu, mtihani wake umekwisha.

Alhamisi niliingia darasani nikamkuta ameshafika. Dawati letu ni refu. Kwa kawaida tunabanana kwa sababu ya baridi na kitabu kimoja. Siku ile alikuwa amekaa mwisho kabisa, na kitabu alikiacha katikati kama ukuta.

"Shikamoo, mama Rahel," akasema bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Habari ya nyumbani?"

"Nyumbani ni kwenu. Sisi tunasubiri Jumapili mtuambie kama bado ni kwetu."

Nikamtazama mikono. Alikuwa anasokota ncha ya shuka yake, na mimi nikajiambia: mtu asiye na hatia angesokota shuka? Kisha akaacha kusokota, nikajiambia: mbona ameacha?

"Umesikia nini kwenye hiyo mashine?" akauliza.

"Nimesikia kengele."

"Kengele ina miguu ya nani?"

"Nasha..."

"Nauliza tu. Wewe ni mwanafunzi mwenzangu. Ulitafuta na kwenye njia ya kwenda mnadani? Ulitafuta na nyuma ya nyumba ya Clemensi? Au mashine yenu inasikia Wamasai tu?"

Mwalimu Raymond akaingia, bado ana vumbi la safari. Alikuwa ameshasikia; Karatu ni mji mdogo. Hakusema kitu kuhusu kengele. Alifuta ubao, akachora mstari mmoja wa kulala, akageuka.

"Leo takwimu. Nani hapa ana mjomba aliyefariki?"

Mikono ikainuka.

"Ismaili. Mjomba wako alifananaje?"

Ismaili anafanya kazi shamba la kahawa, kwao Singida. "Alikuwa mfupi, mwalimu, mweusi, ana jicho moja. Na alikuwa mbishi."

"Ubishi tuuache, hauonekani. Sasa nakupeleka mnada wa Karatu, umtafute mtu anayefanana na mjomba. Mfupi, mweusi, jicho moja. Utampata?"

"Kwa shida, mwalimu. Wenye jicho moja si wengi."

"Ukimpata utashtuka?"

"Nitakimbia!"

Darasa likacheka. Raymond akaandika ubaoni.

"Vizuri. Sasa nakurahisishia. Sijui kama alikuwa mfupi au mrefu, chukua yeyote. Sijui umri. Labda ana jicho moja, labda ana makengeza, labda amevaa miwani. Labda si siku hii ya mnada, labda ule ujao. Utampata?"

"Mwalimu, hapo nitapata wajomba mpaka wa kuuza."

"Mnadani hukosi mjomba," akasema Raymond. "Hilo ndilo somo. Unapotafuta kitu ambacho hujui saa yake, hujui ukubwa wake, hujui sauti yake, unalazimika kujaribu kila uwezekano na kuchukua unaofanana zaidi. Si kosa, mara nyingi hakuna njia nyingine. Lakini anayefanana zaidi atakuwepo siku zote, hata kama mjomba amelala kaburini. Kwa hiyo kadiri vitu usivyovijua vinavyoongezeka, ndivyo inavyobidi uwe mgumu wa kushtuka. Unapandisha mstari."

Akachora mstari mwingine juu ya ule wa kwanza, kisha mwingine juu yake.

Nasha alikuwa anaandika kwa bidii. Sikujua kama alielewa kwamba mwalimu alikuwa anasema nami.

Wengine walipotoka nilibaki nikifuta ubao uliokwisha kufutwa.

"Mama," Raymond akasema, "mstari mwekundu wa ile mashine niliuweka kwa ajili ya tembo. Tembo tunamjua sauti yake inaanzia wapi na kuishia wapi. Wewe ulilegeza nini?"

"Kila kitu, mwalimu."

"Na mstari?"

"Sikujua kwamba unapandishwa."

Alishusha pumzi. "Hilo ni kosa langu. Nilikufundisha kutafuta, sikukufundisha kutilia shaka ulichopata. Ila mimi nilisema usimwambie mtu, na hilo ni lako."

"Mstari unatakiwa kupanda mpaka wapi?"

"Utajuaje? Fikiri."

Nilifikiri mpaka mlinzi alipokuja kugongagonga ufunguo mlangoni. Mwalimu hakunisaidia. Mwishowe nikasema, "Ningemtafuta mjomba kwenye mnada ambao nina hakika hakuwepo. Nione wa uongo anafanana naye kiasi gani."

"Basi nenda katafute," akasema.

*

Ijumaa Clemensi aliniletea paja la mbuzi.

"La nini hili?"

"La kula, shemeji. Unakonda kwa masomo." Aliliweka mezani. "Jumapili utakuja na ile sauti?"

"Nitakuja na nitakachokuwa nacho."

"Utakuja na ile sauti." Aliniangalia muda mrefu. "Kaka yangu angekuwa hai angejua ukoo wake ni upi."

Alipoondoka nilikaa nikilitazama lile paja. Mtu anayetafuta ng'ombe wake anachinja mbuzi? Na harusi ile, kwa nini alikwenda na mkewe na kufunga nyumba, ilhali siku zote huacha mtu? Nikamwona Clemensi akimuuza Sajini mwenyewe. Nikamwona wazi kabisa, hata na bei. Kisha nikashtuka. Jumatatu nilikuwa nimemwona Lekoko wazi hivyohivyo. Kwa gambuti! Na Nasha kwa kusokota shuka! Nilikuwa natembea kijijini kama ile mashine niliyoilegeza, na kila mtu aliyepita alikuwa anatoa mlio wa kong.

Niliomba sana siku ile. Sikuomba nionyeshwe. Niliomba, "Bwana, nizuie nisione kisichokuwepo." Sijawahi kuomba hivyo maishani.

Jumamosi nilifungua rekodi za mwezi wa pili. Mwezi wa pili ulikuwa kabla ya Pasaka. Kengele za Clemensi zilikuwa hazijafuliwa. Hapakuwa na kengele ile popote duniani. Nikaipa mashine mfano uleule, nikailegeza vilevile, mlango mmoja baada ya mwingine, nisipunguze hata mmoja. Sitaficha: nilitamani isisikie kitu. Nilitamani iwe nilikuwa sahihi, nije kikaoni nimenyooka, Clemensi aniheshimu, kwaya yetu ya kanisani inipigie makofi moyoni.

Ilisikia. Ilisikia kwenye kinasa cha bondeni, na cha juu, na cha kwenye mti wa mkuyu. Baadhi ya namba zilipita mstari mwekundu kidogo, na moja iliupita kwa mbali kuliko ile ya Jumatatu. Nikavaa visikilizio. Kong, kong, kimya, kong. Inaweza kuwa ndege, inaweza kuwa tone linaloangukia kopo lililoachwa na warina asali. Mpaka leo sijui. Najua tu kwamba haikuwa kengele ya Sajini, na kwamba masikio yangu, yale mwalimu aliyoyasifu, yalisisimka vilevile.

*

Kikao kilikaa kwenye uwanja wa mashine ya kusaga, mashine ikiwa imezimwa. Mwenyekiti wa kitongoji ni Paskalina, mama mnene mwenye sauti ya upole ambaye hakuna anayethubutu kumkatiza. Lekoko alisimama upande mmoja na fimbo yake, Nasha nyuma yake na mtoto. Kati yao na watu wengine palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeipima lakini kila mtu aliiheshimu. Mwalimu Raymond alikuja, akakaa nyuma kabisa. Niliazima spika ya kwaya.

Clemensi alieleza. Alieleza vizuri, na watu wakawa wanaitikia kwa vichwa. Paskalina akaniita.

"Mama Rahel, tusikilizishe."

Nikasema, "Mwenyekiti, nina sauti nne hapa. Moja ndiyo ile Clemensi aliyoisikia ofisini. Nyingine nimezipata kwa njia ileile. Naomba nizipige zote, yeye mwenyewe atuonyeshe kengele yake."

Clemensi akacheka. "Hata kama ni arobaini. Piga."

Nikapiga. Ya kwanza akatikisa kichwa. Ya pili, kabla haijaisha, akanyoosha kidole.

"Hiyo! Simamisha hapo. Hiyo ndiyo Sajini, na majani yamo ndani. Wengine wasikie."

"Una hakika, shemeji?"

"Nimesema hiyo!"

"Hiyo ni ya mwezi wa pili," nikasema.

Hakuelewa mara moja. Watu walielewa kabla yake. Kutoka nyuma mtu akapaza sauti, "Mwezi wa pili kengele yako ilikuwa bado lori, Clemensi!" Kicheko kikalipuka, na mimi sikupenda kicheko kile, maana kilikuwa kinamuuma mtu aliyepoteza ng'ombe.

"Umenitega," Clemensi akaniambia. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akiongea taratibu.

"Nilijitega mwenyewe kwanza. Hata mimi sizitofautishi. Mashine niliilegeza mpaka ikawa inasikia kengele popote. Ukitafuta namna ile, hukosi."

"Kwa hiyo Lekoko ni malaika?"

Lekoko akasogea hatua. "Ndiyo, mama Rahel. Waambie. Umesema sikuiba?"

Uso wake haukuwa na shukrani. Nilimtazama, na, Mungu anisamehe, macho yangu yalishuka kwenye gambuti zake. Aliona.

"Sikusema hivyo," nikajibu. "Sijui nani kachukua maksai, wala kama kachukuliwa. Nimesema msitu haujasema kitu."

"Basi tumebaki palepale."

"Palepale, bila kengele."

Akacheka kwa pua. "Walau wewe unasema hujui. Hapa ni wachache."

Paskalina akageukia Clemensi. "Mdogo wangu, una alama nyingine?"

"Alichelewa kurudi."

"Kwenye ukungu. Nyingine?"

"Gambuti."

Paskalina akainua gauni lake kidogo, akaonyesha miguu. Alikuwa amevaa gambuti mpya, bado zinang'aa. "Na mimi mnitenge?" Hakucheka, na safari hii hakuna aliyecheka. "Basi hatengwi mtu. Uliyemtaka atengwe umemtaja hadharani. Desturi unaijua. Asiyetengwa tunachukua moto kwake, na anayeanza ni yule aliyemtaja."

Niliona Clemensi anavyomtazama Lekoko: bado anamshuku. Labda atamshuku mpaka afe. Koplo yuko zizini peke yake na plau imeegemea ukuta. Hilo halikuwa limebadilika. Akavua kofia.

"Kesho asubuhi nitakuja kuchukua kaa kwako," akasema. "Na sitakutaja tena mpaka niwe na kitu cha kushika mkononi."

"Njoo mapema," Lekoko akajibu. "Mimi natoka na ng'ombe mapema. Na safari hii uwe nyumbani nikirudi, uwahesabu mwenyewe."

Watu walianza kuinuka. Nikaanza kukunja waya wa spika, nikidhani zamu yangu imekwisha, nikaona kivuli kimesimama mbele yangu. Nasha.

"Clemensi amesema lake," akasema kwa sauti ya kusikika. "Na wewe? Ng'ombe mwingine atapotea, mama Rahel. Wanapotea kila mwaka. Utaenda tena kwenye mashine, utalegeza tena, na sisi ndio tutakuwa wa kwanza kufanana."

Waliokuwa wanaondoka wakasimama. Paskalina akakaa tena. Nyuma, mwalimu Raymond hakunyanyua uso. Nilitafuta maneno ya maombi kwa sababu ndiyo ninayoyajua zaidi, lakini Nasha hakuwa ameniomba nimwombee. Nikaweka waya chini, nikasimama wima nikinyoosha mkono wa kulia, kama tunavyofanya kanisani kwenye ubatizo.

"Mimi Felista, mnayeniita mama Rahel," nikasema, "mbele ya Mungu, na mbele ya mwenyekiti, na mbele yako Nasha na mume wako, naahidi: kabla sijatafuta kitu, nitasema kwa sauti ninatafuta nini na nimelegeza nini, na nikikipata, sitamsikilizisha mtu mpaka nimekitafuta kwanza mahali ninapojua hakipo."